Fayawoli inapitisha intaneti kama kawaida ila ukurasa wa usimamizi umeganda: niue prosesi au nizime boksi zima?

#1 Mlinzi_wa_Lango (Ijumaa, saa 3:10 asubuhi)

Wakuu habari za asubuhi, niende moja kwa moja.

Nipo ofisi moja hapa Posta, Dar, ghorofa ya sita. Watumiaji kama 140, na matawi mawili, Mbagala na Chang'ombe, yanaingia kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti). Fayawoli (kichujio kati ya mtandao wa ofisi na intaneti) ni ya boksi, ina mwaka wa nne sasa. Tangu jana saa 5 usiku ukurasa wake wa usimamizi haufunguki. Brauza inazunguka weee, inaleta sehemu ya pasiwedi, ukishaingia inabaki nyeupe. Intaneti ipo, matawi yako hewani, hakuna aliyelalamika. SSH (kuingia kwa kuandika amri) inaingia, ila natuma amri, naenda kunywa chai, narudi ndiyo inajibu.

Nilichoona: memori 84%, na kuna prosesi moja ya usimamizi (programu inayoendeshwa ndani ya boksi) imeng'ang'ania prosesa kwa 99% na haitaki kushuka.

Mkuu wangu wa idara anasema "zima, washa, yaishe". Mimi roho inasita. Nikizima mchana nakata malipo ya matawi. Nikizima usiku sina hakika kama litaamka. Nasikia unaweza kuristati prosesi ile peke yake bila kugusa trafiki. Ni kweli? Kuna aliyewahi kufanya hivyo saa za kazi na bado ana kazi?

#2 Kijiwe Nongwa

Nimeweka kiti. Kahawa na kashata zipo. Wajuzi waje.

#3 Babu Konsoli

Ni kweli, kwa fayawoli nyingi. Ndani ya boksi kuna kazi mbili tofauti. Moja ni kupitisha pakiti (vipande vya data) na kuamua hii ipite, hii ife. Ya pili ni kukuhudumia wewe msimamizi: ukurasa, SSH, kuandika logi (kumbukumbu za matukio), kutengeneza ripoti. Ya pili inaweza kuugua huku ya kwanza inapiga kazi, na ndicho unachokiona hapo. Kwenye boksi kubwa za Palo Alto Networks zimetengwa mpaka kwenye vifaa, kila upande na prosesa yake na memori yake. Kwenye boksi ndogo za makampuni mengi vyote vinagombea chungu kimoja.

Kwa hiyo kabla sijakuambia ua au usiue, taja aina na toleo.

#4 Mlinzi_wa_Lango

Babu nisamehe, sera ya ofisi hairuhusu kutaja vifaa vya usalama mtandaoni. Nisaidieni kwa ujumla.

#5 Kijiwe Nongwa

Mficha maradhi kifo humuumbua. Unaenda kwa daktari unasema "naumwa ila sisemi wapi".

#6 dada_pakiti

Mwacheni, sera yake ni nzuri. Kijana, nakuwekea za aina kadhaa, yako utaijua mwenyewe.

FortiGate: orodhesha prosesi, chukua namba ya ile inayokusumbua, iue kwa ishara namba 11. Itajiamsha yenyewe.

`diagnose sys top`
`diagnose sys kill 11 <namba>`

Palo Alto: angalia mzigo kwanza, halafu ristati seva ya usimamizi. Ukishaandika hiyo ya pili utatupwa nje ya SSH, usishtuke, subiri dakika chache.

`show system resources`
`debug software restart process management-server`

pfSense: huhitaji amri. Ingia konsoli (skrini ya amri ya boksi lenyewe), menyu inakuja yenyewe. Namba 11 inaristati ukurasa, namba 16 inaristati PHP-FPM (programu inayotengeneza ukurasa huo). Watu wengi wanapiga 11 peke yake wanashangaa haiponi, kumbe tatizo liko kwenye 16.

Cisco ASA: zima huduma ya ukurasa kisha iwashe.

`no http server enable`
`http server enable`

Na kwenye zote: usianze kuua kabla hujajua kama kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa au kazi inayoendelea. Kwenye Palo Alto `show jobs all` itakuonyesha. Ukiiua seva ya usimamizi katikati ya kazi, kazi hiyo imekufa nayo.

#7 Mtoto wa Mbagala

Dada amemaliza. Niongeze Check Point: kuna watu wakisikia "ristati usimamizi" wanakimbilia `cpstop` halafu `cpstart`. Ni salama, inasimamisha usimamizi tu.

#8 Babu Konsoli

@Mtoto wa Mbagala, futa hiyo kabla mtu hajainakili. `cpstop` inasimamisha bidhaa nzima, fayawoli yenyewe ikiwemo. Ukiipiga kwenye lango (boksi linalopitisha trafiki) saa 4 asubuhi utajua hujui. Aanze na `cpwd_admin list`, itamwonyesha prosesi ipi iko juu, ipi imeanguka, na ipi imeamshwa mara ngapi. Ukiona moja imeamshwa mara nyingi kuliko wenzake, umempata mgonjwa.

#9 Mtoto wa Mbagala

Nimekubali, Babu. Mimi huwa naipiga kwenye seva ya usimamizi iliyo peke yake, ndiyo maana sijawahi kuona moto. Kwenye lango ni hadithi nyingine.

#10 Kiroboto

Samahanini, mimi bado mwanafunzi. Kwa nini ishara 11 na siyo 9? Chuoni tumefundishwa `kill -9` inaua kila kitu.

#11 Babu Konsoli

Swali zuri mwanangu. 9 inaua kimya kimya, prosesi haipewi hata nafasi ya kusema buriani. 15 ni kuiomba kwa adabu ijifunge. 11 ni ile ishara prosesi inayopata ikigusa memori isiyo yake, na mfumo unaona kama ajali. Kwenye FortiGate ajali inaandikwa kwenye daftari la ajali, unaisoma kwa `diagnose debug crashlog read`. Ukifungua tiketi, watu wa msaada wataliomba daftari hilo. Ukiua kwa 9, hilo huna.

Na "inaua kila kitu" siyo kweli. Prosesi iliyo katika hali ya D, yaani inayosubiri diski au kifaa kijibu, hata 9 haiiondoi mpaka kile inachosubiri kijibu. Hapo utaristati boksi tu, huna ujanja.

#12 Kijiwe Nongwa

Kumbe prosesi nayo inaweza kuwa kama mtu anayesubiri pensheni. Haifi, haipati.

#13 Mtoto wa Mbagala

Mleta mada, memori 84% siyo mbaya. Boksi nyingi zinaishi huko. Angalia kwingine.

#14 dada_pakiti

Inategemea imetoka wapi kufika 84. Chukua FortiGate: kwa mipangilio ya kiwandani inaingia hali ya kubana matumizi memori ikifika 88%, na haitoki mpaka ishuke chini ya 82%. Ikifika 95% inaanza kukataa hata miunganisho mipya. Sasa kama usiku iligusa 88 halafu ikashuka hadi 84, wewe asubuhi unaona 84 unasema "nzuri", kumbe bado imebana. Namba moja ya asubuhi haikuambii kitu. Inatakiwa grafu.

Mleta mada una grafu ya usiku?

#15 Mlinzi_wa_Lango

Grafu ipo kwenye ukurasa. Ukurasa ndio haufunguki.

#16 Kijiwe Nongwa

Ufunguo wa stoo uko ndani ya stoo. 😂

#17 Mlinzi_wa_Lango

Ila nimepata haya kwa SSH:

Boksi liko hewani siku 211 bila kuzimwa. Logi ya kwanza inayolalamikia prosesi hiyo ni ya saa 20:04. Diski ya logi imejaa 91%. Nimeangalia hali ya prosesi: kubwa ni R (inafanya kazi), ila kuna vitoto vyake viwili vinaonekana D, vinapotea, vinarudi.

Pia mlinzi wa jengo anasema jana umeme ulikatika saa 4:50 usiku, jenereta ikachukua kama kawaida.

#18 Mtoto wa Mbagala

Sasa hapo! Umeme ulikatika saa 4:50, lakini logi ya kwanza ni ya saa 2:04 usiku. Tatizo lilianza karibu saa tatu kabla umeme haujakatika. Umeme hauhusiki, futa.

#19 dada_pakiti

Polepole. Umejuaje kama saa ya boksi ni ya kwetu? Wengi wanaacha boksi kwenye UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele kwa saa 3. 20:04 ya UTC ni 23:04 ya Dar, yaani saa 5:04 usiku. Inalingana kabisa na alichosema mwanzo kwamba ukurasa uliganda saa 5.

#20 Mlinzi_wa_Lango

Nimeangalia. Ni UTC kweli. Wallahi nimekaa na hili boksi mwaka mzima sijui hilo.

#21 Kijiwe Nongwa

Huu ndio ugonjwa wetu. Saa ya ukutani inasema 23, mdomo unasema 5, boksi linasema 20. Mtu mmoja anaishi nchi tatu.

#22 Fundi Makabati

Nimesoma toka juu, mnaongea prosesi tu. Niulize swali la kifundi: AC ya chumba cha seva ni ipi? Kama ni ile ya ukutani ya kawaida, nyingi umeme ukikatika na kurudi haziwaki zenyewe. Mpaka mtu abonyeze rimoti. Umeme umekatika saa 4:50, jenereta imechukua, seva na fayawoli ziko kwenye UPS (betri ya akiba) hazikujua kitu, AC imelala. Joto la Dar, kabati limefungwa, dakika kumi na nne baadaye mambo yanaanza. Nenda kaguse mlango wa kabati kabla hujaua mtu.

#23 Mlinzi_wa_Lango

Fundi. Nimetoka kushika. AC ilikuwa imezimwa. Humo ndani ni kama tanuri la mkate. Nimeiwasha.

#24 Fundi Makabati

Nashukuru. Uzi ufungwe.

#25 Babu Konsoli

Usifungwe. Joto linaweza kupunguza kasi au kuzima boksi, lakini halichagui prosesi moja ya ukurasa na kuiacha trafiki inapita raha mustarehe. Mimi naangalia siku 211. Prosesi inayovuja memori inakula kidogo kidogo, leo punje, kesho punje, mwezi wa saba unashtukia ghala tupu. Nimeona boksi zikiganda kila baada ya miezi kadhaa kama saa, na dawa ilikuwa kupandisha toleo. Kuristati prosesi kunafuta memori iliyovuja, tundu linabaki palepale.

#26 Mswahili_Root

Naomba niulize ambalo hakuna aliyeuliza. Ukurasa huo wa usimamizi unafunguka kutoka nje, upande wa intaneti?

#27 Mlinzi_wa_Lango

…Ndiyo. Mkandarasi aliyefunga alikuwa anaishi Kigamboni, akaacha wazi ili asivuke kila mara. Sikuwahi kuufunga.

#28 Mswahili_Root

Basi ni hapo. Angalia logi za kuingia zilizoshindwa.

Na wengine mnaosoma kimya kimya, jiangalieni na nyie. Oktoba 2022 Fortinet, watengenezaji wa FortiGate, walitoa tahadhari ya CVE-2022-40684 (CVE ni namba ya udhaifu wa usalama), mtu anapita kwenye usimamizi bila pasiwedi. Novemba 2024 ikawa zamu ya Palo Alto Networks, CVE-2024-0012, nayo ni ukurasa wa usimamizi. Januari 2025 Fortinet tena, CVE-2024-55591. Zote hizo zinamtaka mshambuliaji aufikie ukurasa kwanza. Ukiwa umefungiwa ndani, kazi yake ni ngumu mara mia. Ukiwa wazi, hata asiyeweza kuingia atakusumbua kwa kubisha hodi tu.

#29 Mlinzi_wa_Lango

Majaribio yaliyoshindwa ni mengi mpaka logi inajifuta. Tangu saa 12 jioni ya jana mpaka leo asubuhi nimehesabu elfu sita na kitu, nikachoka. Anwani za kila pembe ya dunia.

#30 Mtoto wa Mbagala

Elfu sita kwa saa 15 ni kama saba kwa dakika. Boksi lolote linabeba hiyo. Mimi nina mteja anapigwa zaidi ya hapo na ukurasa wake unafunguka fasta.

#31 Mswahili_Root

Unamwambia mteja wako afunge au unafurahia takwimu?

#32 Mtoto wa Mbagala

Nimemwambia mara tatu, kwa maandishi. Ninazo.

#33 dada_pakiti

Mimi sina tatizo na ya Root, afunge leo hii, hilo halina mjadala. Ila kwenye kuganda nina mshukiwa mwingine. Mleta mada, una programu ya kufuatilia mtandao inayoingia kwenye fayawoli kuchukua takwimu? Inaingia kwa SNMP au kwa API (njia mbili za programu kukiuliza kifaa takwimu)?

#34 Mlinzi_wa_Lango

Nimeifunga wiki mbili zilizopita. API. Kila sekunde 30.

#35 dada_pakiti

Inatoka kila ikimaliza au inaingia tu?

#36 Mlinzi_wa_Lango

Unamaanisha nini inatoka?

#37 dada_pakiti

Namaanisha hivyo hivyo. Kila sekunde 30 inabisha, inafunguliwa, inachukua namba zake, na haiagi. Mara 2,880 kwa siku. Kila kuingia ni kikao kinachokaa kwenye memori mpaka muda wake uishe. Ukiwa umeweka muda wa kikao kuwa saa 8 kwa sababu unachoka kuandika pasiwedi (usikatae, sote tumefanya), una vikao karibu elfu moja vimekaa humo. Orodhesha wasimamizi walioko ndani sasa hivi.

#38 Mlinzi_wa_Lango

Dada, orodha inashuka kurasa na kurasa. Jina lile lile la ile programu.

#39 Kijiwe Nongwa

Mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza. Huyu kaingia mara elfu na bado anapewa panza.

#40 Fundi Makabati

Hata hivyo, wiki mbili ilikuwa inavumilia. Kwa nini iishiwe pumzi dakika kumi na nne baada ya AC kulala?

#41 Babu Konsoli

Na kwa nini vitoto viwili viko D? Kikao cha API hakikupeleki kwenye D. D ni diski. Diski ya logi 91%, ya mwaka wa nne, inaandikwa usiku na mchana. Mimi sasa naanza kuiwazia hiyo diski.

#42 Kijiwe Nongwa

Babu amehama chama. Toka kuvuja kwenda diski.

#43 Babu Konsoli

Sijahama, nimefungua tawi.

#44 Kiroboto

Kuna siku yeyote kuzima na kuwasha boksi zima ni jibu sahihi, au ni uvivu?

#45 Mtoto wa Mbagala

Kuna siku ni sahihi. Unakumbuka Mei 2024, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika? Nchi nzima intaneti ikawa ya kunyunyiza. Bosi wa mteja mmoja akanipigia: "Nenda karistati fayawoli." Namwambia mzee, waya umekatika baharini. "Nenda karistati, unajuaje?" Nikapanda daladala mpaka kwao, nikaristati, nikampigia. Akasema "sasa hivi iko vizuri kidogo". Ilikuwa haijabadilika hata punje. Lakini roho yake ilitulia na nikalipwa nauli.

Kwa hiyo ndiyo, kuna siku.

#46 dada_pakiti

😂😂 Hiyo siku mimi nilipokea simu 19.

Kiroboto, kwa uzito: zima boksi zima ikiwa prosesi imekwama D na haitoki, ikiwa memori haishuki hata baada ya kuua, au baada ya kupandisha toleo. Kama boksi ni mawili yanashikana mkono, unaanza na lile lililopumzika, ukishahakikisha limeamka unalihamishia trafiki, ndipo unaligusa la pili. Mwenye boksi moja kama mleta mada, kila kuzima ni kamari. Boksi la siku 211 linaweza kuzimika vizuri na kukataa kuwaka.

#47 Mlinzi_wa_Lango

Nimepata kibali cha kuua prosesi leo saa 7 mchana watu wakiwa mgahawani. Nina nakala ya mipangilio, nimeitoa kwa SSH. Kitu gani kingine?

#48 Babu Konsoli

Kebo ya konsoli. Chomeka kabla, siyo baada. SSH nayo ni mtoto wa upande huo huo wa usimamizi, ikianguka nayo utabaki unagonga mlango. Kasi 9600 kwa boksi nyingi, nyingine 115200. Ukiona herufi za kichawi kwenye skrini, kasi ndiyo mbaya, usilaumu kebo.

#49 dada_pakiti

Na weka ping (pakiti ndogo ya majaribio) kwenye tawi moja iendelee kwenda na kurudi wakati unaua, uhesabu zinazopotea. Usije ukatuambia "naona haikukatika".

#50 Mlinzi_wa_Lango (saa 8:05 mchana)

Wakuu, mrejesho.

Nilisimamisha kwanza ile programu ya kufuatilia. Nikaua prosesi. SSH ilikata kweli, konsoli ilibaki, Babu Mungu akubariki. Baada ya kama sekunde 40 ukurasa ulifunguka kama mpya. Memori ilishuka mpaka 61%. Ping ya Mbagala haikupoteza hata moja, Chang'ombe moja.

ILA. Watu wawili wanaofanya kazi nyumbani, mmoja Kimara mmoja Tabata, VPN zao zilikatika wakati ule ule. Wamerudi baada ya kuingia upya. Si mlisema trafiki haiguswi?

#51 dada_pakiti

Hongera. Hao wa nyumbani wanaingia kwa ile VPN ya ukurasa, siyo ile ya matawi. Ya matawi ikishakubaliana funguo, pakiti zinapita ndani ya kiini cha mfumo na hazihitaji mtu. Ya nyumbani kwa boksi nyingine inahudumiwa na prosesi ya kawaida, na mara nyingine ni jirani au ndugu wa hiyo uliyoiua. Ukimpiga mmoja, mwenzake anaanguka. Nilitakiwa nikuambie mapema, hilo ni kosa langu.

#52 Babu Konsoli

Sina hakika ni ujirani. Inaweza kuwa memori iliposhuka ghafla mfumo ukapanga upya, ukaamsha na zingine. Soma daftari la ajali, uone ni ngapi zilianguka dakika hiyo.

#53 Mlinzi_wa_Lango

Zimeandikwa mbili. Moja ni niliyoiua. Nyingine jina lake silielewi.

#54 Babu Konsoli

Na mimi bila aina ya boksi siwezi kukusomea. Tumerudi kwa Kijiwe na daktari wake.

#55 Mlinzi_wa_Lango (Alhamisi iliyofuata, saa 5:20 usiku)

Wakuu nipo tena. Nimefunga ukurasa upande wa nje tangu Ijumaa. AC inafanya kazi, nimeweka na kipimajoto. Programu ya kufuatilia sasa inapita mara moja kila dakika 5, na inaaga. Logi za zamani nimehamisha, diski iko 48%.

Leo saa 5 kamili usiku prosesa imepanda tena 99%. Haijaganda safari hii, imekaa juu dakika 11 ikashuka yenyewe. Memori ilipanda toka 63 hadi 74 na haijarudi yote.

#56 Mswahili_Root

Angalau safari hii hakuna anayebisha hodi. Ungekuwa bado wazi ingeganda.

#57 Fundi Makabati

Ungekuwa na joto lile ingeganda.

#58 dada_pakiti

Na vikao elfu moja vingekuwa bado ndani ingeganda. Sote tumeshinda, hakuna aliyeshinda.

Swali: nini kinatokea Alhamisi saa 5 usiku? Wiki iliyopita pia ilikuwa Alhamisi.

#59 Mlinzi_wa_Lango

Hakuna kitu. Kuna ripoti ya wiki tu, ya tovuti zinazotembelewa, ila hiyo nimeipanga saa 2 usiku. 20:00. Ili Ijumaa asubuhi mkuu wa idara aikute kwenye barua pepe.

#60 Kijiwe Nongwa

20:00 ya nchi gani?

#61 Mlinzi_wa_Lango

…

#62 dada_pakiti

😂😂😂 Boksi liko UTC. 20:00 yake ni saa 5 usiku yetu. Ripoti inasoma logi za wiki nzima toka kwenye diski, ndiyo maana Babu aliona D.

#63 Babu Konsoli

Naisikia, lakini haijaniingia. Ripoti hiyo ina muda gani?

#64 Mlinzi_wa_Lango

Zaidi ya mwaka. Nimeikuta.

#65 Babu Konsoli

Zaidi ya mwaka kila Alhamisi inatoka, boksi haligandi. Kwa nini igande juzi? Na kwa nini memori baada ya ripoti hairudi yote ilipokuwa, baada ya 63 kwenda 74? Hizo punje kila wiki zinabaki wapi? Ndiyo mvujo ninaousema. Ripoti inatikisa mti tu.

#66 Mtoto wa Mbagala

Jaribu kuiondoa ripoti wiki moja tuone.

#67 Mlinzi_wa_Lango

Ripoti hiyo ndiyo kitu pekee mkuu wa idara anachosoma toka kitengo chetu. Nikiiondoa, Ijumaa saa 3 nitakuwa ofisini kwake. Nimeihamishia Jumapili alfajiri, na nimefungua tiketi kwa mtengenezaji nikiwa na daftari la ajali. Wamejibu: "tafadhali pandisha toleo kisha utujulishe."

#68 Babu Konsoli

Walau hapo tuko pamoja na mtengenezaji.

#69 dada_pakiti

Babu, hilo jibu wanalitoa hata ukiwaambia panya amekula kebo.

#70 Kiroboto

Wakuu mmenifundisha kuliko muhula mzima. Ile kebo ya konsoli Kariakoo inapatikana wapi? Nimeulizia maduka mawili wananionyesha chaja.

#71 Mtoto wa Mbagala

Usiseme "konsoli", hawakuelewi. Sema kebo ya bluu ya ruta, upande mmoja USB upande mwingine kichwa cha LAN. Ukipewa ya bei ya chini sana, ijaribu hapo hapo dukani kwenye laptopu yako kabla hujatoa hela.